Mlango Uliokosekana

Liitia Aqiaruq aliizunguka ndege iliyoanguka mpaka meneja wa kampuni ya ndege akachoka kumfuata kwa macho. Kisha akapiga magoti kwenye barafu, akavua glavu ya mkono wa kulia, na kupitisha kidole kwenye bawaba za mlango, ya juu kwanza, halafu ya chini, taratibu kama anayemkagua mtoto meno.

"Bibi, vidole hivyo vitaganda," alisema Konstebo Davidee Nutaraq. Alikuwa amesimama na bunduki begani, macho ameyaelekeza baharini, upande wanakopitia dubu. "Mimi sitaki kukurudisha kwenu ukiwa na mikono mitupu kweli kweli."

"Waambie bibi yako alikuwa mkaidi."

"Hilo wanalijua. Nilikuwa natafuta habari mpya."

Konstebo alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za kutosha, na Liitia angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Lakini bibi mzaa mama wa konstebo aliitwa Liitia, na katika pwani ile anayerithi jina la marehemu hurithi na nafasi yake nyumbani. Tangu Liitia, mpelelezi wa ajali za ndege, alipotua Nuvuarjuk jana yake na kutaja jina lake, alikuwa Bibi, naye Davidee akawa mjukuu, na utani ukaanza pale pale uwanjani kabla hata mabegi hayajashushwa.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja, iliyofungwa skii badala ya magurudumu. Ililala kifudifudi juu ya barafu ya bahari, mbali na njia yake, bawa la kushoto limekunjika chini ya tumbo. Simiuni Aulaq, rubani, alikuwa ndani peke yake. Siku aliyoanguka dhoruba ilishuka kabla ya jioni, ikawafungia watu wote majumbani. Ilipotulia, wawindaji walifuata mlio wa kifaa cha kuitia msaada, wakamkuta amekwisha kufa zamani, mkanda ukiwa bado kifuani. Wakamrudisha nyumbani kwa sleji ya kukokotwa thelujini.

"Injini ilimzimikia," alisema Fraser Doyle, meneja. Alikuwa mtu wa kusini aliyekaa miaka mingi Nuvuarjuk bila kujifunza lugha ya pale zaidi ya salamu na matusi mawili. Naye alikuwa rubani, na ndiye aliyemfundisha Simiuni kutua kwenye barafu. "Redioni alisema anatupa mzigo. Mtu hatupi mzigo kama injini ni nzima. Anapunguza uzito."

Liitia alionyesha pua ya ndege kwa kidevu. "Tazama pangaboi."

Doyle alitazama. Ncha za pangaboi zilikuwa zimejikunja kwenda mbele kama majani yaliyokaushwa.

"Injini iliyozimika huacha pangaboi likivunjika upande mmoja au likipinda kwenda nyuma," alisema Liitia. "Hii ilikuwa inavuta kwa nguvu mpaka ilipogusa chini. Unalijua hilo kuliko mimi."

Doyle alikung'uta theluji kwenye buti zake.

"Na huo mzigo aliotupa uko wapi? Nimeuhesabu mwenyewe. Masanduku ya mayai, maziwa, mapipa ya mafuta ya watu wa kambi ya juu. Vyote vimo, isipokuwa mayai ambayo sasa ni uji."

"Basi alikuwa anafukuza kulungu. Marubani wa huku wana tabia hiyo. Wanashuka chini, wanageuza kwa kasi ndogo, bawa moja linakosa upepo, kwisha."

Davidee alicheka bila furaha. "Kulungu baharini, bosi? Anakula nini, chumvi?"

Liitia alikuwa ameshainuka na kuingiza kichwa ndani ya ndege. Alipiga picha vibao vya nyuma ya bawa lililobaki zima. Vilikuwa vimeshushwa hadi mwisho, kama vya rubani anayetaka kwenda polepole kadiri ndege inavyoweza. Halafu akapiga picha wavu uliofunika mzigo, kulabu moja baada ya nyingine. Kisha akatoka, akauliza maswali mawili.

"Mfuko wa dharura uko wapi?"

Kila ndege ya huko hubeba mfuko mkubwa wa rangi ya chungwa: hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo, mafuta yake, bisikuti, chai. Haukuwamo. Doyle alikuwa amelisubiri swali hilo.

"Muulize Mususi Qamanik, mpakiaji wetu. Nimeona mfuko wetu wa kulalia kwenye hema lake la uwindaji kwa macho yangu. Aliuiba, akaiacha ndege iruke bila kitu."

"Mususi ni shemeji wa marehemu," alisema Davidee, na safari hii hakukuwa na mzaha.

"Hata shemeji huiba."

"Na mlango wa kulia uko wapi?" aliuliza Liitia.

"Uling'oka katika kishindo. Uko chini ya theluji mahali fulani."

"Ungeng'oka kwa kishindo, bawaba zingepinda, zingechanika. Njoo uone. Nzima kama siku zilipotoka kiwandani. Kilichokosekana ni pini tu, ya juu na ya chini."

"Pini hutoka kwa mtetemo."

"Zote mbili? Siku moja?"

Walipekua theluji kwa mikono kuzunguka upande wa kulia wa ndege mpaka walipofikia barafu ngumu ya buluu. Hawakupata mlango, wala pini. Doyle alijipangusa magoti, akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kurudi kunywa kitu cha moto, na hakuna aliyembishia.

*

Nyumba ya marehemu ilijaa watu kama kawaida ya msiba: wanawake jikoni wakikaanga mikate, wanaume sakafuni kuzunguka paja la kulungu lililoganda, kila mmoja na kisu chake, wakikwangua vipande vyembamba na kula bila maneno mengi. Davidee aliomba chumba, na watu wakawaachia kile cha nyuma. Mususi Qamanik aliingia akiwa na mafuta mikononi, akasimama ukutani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kaa, ndugu yangu," alisema Liitia.

"Nimeshasikia mnavyosema. Nitasimama."

"Mimi sijasema kitu bado. Una mfuko wa kulalia wa kampuni?"

"Ninao. Zipu yake imekufa. Kampuni iliutupa, Simiuni akauokota akanipa, kwa sababu alijua wangu ulitafunwa na mbwa." Alimgeukia Davidee. "Wewe si ulinicheka siku ile? Ulisema mbwa wangu wamenishinda akili."

"Nilisema," alikubali Davidee. "Bado nasema."

"Konstebo ameuleta huo mfuko kutoka hemani kwako," alisema Liitia. "Nimeuona. Nembo iliyoshonwa pembeni ni ile ya zamani, kabla kampuni haijabadilisha rangi. Si wa ndege hii. Hilo nimelimaliza."

Mabega ya Mususi yalishuka kidogo. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sasa nieleze ulivyopakia asubuhi ile. Usiruke kitu."

"Mfuko wa dharura kwanza, nyuma kabisa, ukutani. Simiuni alipenda ukae huko kwa sababu ni mwepesi na mkia hautaki uzito. Halafu mapipa. Halafu masanduku. Halafu wavu juu ya vyote, na kulabu nne chini."

"Kulabu unazifungaje?"

"Mdomo ukitazama chini. Zote. Ukiziacha zitazame juu, wavu ukilegea zinafunguka zenyewe."

Liitia aliwasha kamera, akamsogezea. Mususi alizitazama picha, moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akairudisha kamera karibu na uso.

"Hii siyo yangu."

"Una hakika?"

"Hii inatazama juu. Dada, mimi nafunga mizigo tangu sijaota ndevu. Hii kafunga mtu mwenye haraka, au mwenye glavu nene."

"Rubani anaweza kuifikia kulabu hiyo akiwa angani?"

"Simiuni? Labda angekuwa na mikono ya buibui. Kufika nyuma kule, lazima uwe chini, ufungue mlango wa mzigo, upande juu ya mapipa."

"Kwa hiyo baada ya kuondoka hapa, na kabla ya kuanguka, alitua mahali."

Mususi aliirudia picha ya nne. Davidee aliacha kukwangua barafu kwenye buti lake.

Mlango uligongwa. Miali, mjane, aliingia na sinia la chai. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alimimina chai bila kumwaga tone. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, na alipomaliza hakuondoka.

"Dada mpelelezi, nataka kufua koti lake. Wanasema nisifanye mpaka wewe uruhusu. Nataka azikwe nalo likiwa safi."

"Naomba nilione kwanza, kisha nitakuachia."

Lilikuwa koti zito la manyoya, na kifuani lilikuwa na doa ambalo Liitia alilikunja kwa ndani haraka ili Miali asiendelee kulitazama. Aliingiza mkono mfuko wa kushoto, akatoa glavu nyembamba. Akaingiza mkono wa kulia.

"Huko mna vyuma," alisema Miali. "Nilivisikia vikigongana. Nilidhani ni vya pikipiki yake ya theluji, maana siku zote alikuwa akitengeneza kitu."

Liitia aliviweka juu ya sinia, kati ya vikombe. Vilikuwa pini mbili ndefu, kila moja ina kichwa cha mviringo upande mmoja. Hazikuwa na mkwaruzo hata kidogo.

Kutoka chumba cha mbele mtu alikohoa, mwingine akaomba chumvi.

"Ni za bawaba," alisema Mususi hatimaye. "Za mlango."

"Aliung'oa mwenyewe," alisema Liitia. "Akaziweka pini mfukoni ili zisipotee, kwa sababu alikusudia kuurudisha." Alisimama, akamshika Miali bega. "Kafue koti, dada. Na asante. Wewe hujui umetusaidia kiasi gani."

*

Doyle walimkuta kwenye chumba cha redio uwanjani, pamoja na Elisapi, mama aliyekuwa akizungumza na marubani wote wa pwani ile tangu mitambo ilipokuwa ya kuzungusha kwa mkono. Liitia aliziweka pini mezani mbele ya meneja, akamweleza zilikotoka.

"Wewe ni rubani," alisema. "Nifundishe. Mtu akiwa peke yake kwenye ndege kama ile, akaamua kutua, akang'oa mlango wa kulia, akaruka tena bila mlango. Ni kwa ajili ya nini?"

Doyle alichukua pini moja, akaigeuza geuza.

"Kuna sababu moja tu," alisema. "Ili kutupa kitu kikubwa. Ukiwa angani upepo unaubana ule mlango, huwezi kuusukuma huku umeshika usukani. Na dirishani hakipiti. Kwa hiyo unatua, unautoa, unaweka kitu chako kwenye kiti cha pembeni, unaruka, unashuka chini sana, polepole sana, halafu unakisukuma." Aliirudisha pini mezani. "Vibao vimeshushwa hadi mwisho. Ndiyo. Lakini kwa nini atupe mfuko wake wa dharura? Kuutupa kuna maana gani?"

"Mama Elisapi," Liitia aligeuka, "naomba uniambie Simiuni alisema nini redioni. Neno kwa neno, kwa lugha yetu. Usinitafsirie."

Elisapi alivua miwani. "Hewa ilikuwa chafu siku ile. Milima ilikuwa ikimla sauti. Nilipata neno moja tu. Alisema, 'namtupia.'"

"Hakusema 'natupa'?"

"Mwanangu, mimi si kiziwi. 'Namtupia.' Nikajua ni mambo yake yale yale, maana akipita juu ya kambi za wawindaji ana kawaida ya kuwadondoshea tumbaku au majani ya chai. Bwana Doyle aliponiuliza baadaye, nikamwambia kwa lugha yake kwamba anatupa kitu. Nilikuwa nalia, sikufikiri zaidi."

Davidee alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitamka jina la Mungu.

"Nini?" alisema Doyle. "Nini? Semeni na mimi."

"Ulipelekewa neno nusu, bwana," alisema Liitia. "Hakuwa anatupa. Alikuwa anamtupia mtu. Ndani ya neno lenyewe mna mtu. Simiuni alimwona mtu kwenye barafu, mahali ambapo ndege haiwezi kumfikia. Alitua karibu kadiri alivyoweza, akaona bado kuna maji katikati. Akampelekea kila alichokuwa nacho kwa njia iliyobaki. Ndipo akaanguka."

"Hakuna mtu aliyeripotiwa kupotea."

"Hakuna aliyeripotiwa hapa."

"Wala popote! Polisi wangejua." Doyle alimtazama Davidee, ambaye alitikisa kichwa. "Unaona? Nina ndege moja iliyobaki na rubani ni mimi. Unataka niruke juu ya barafu mbovu kumtafuta mtu kwa sababu ya silabi mbili?"

"Kwa sababu ya silabi mbili, pini mbili na kulabu moja. Mama Elisapi, simu za kijiji jirani cha Kuugarjuk zinafanya kazi?"

"Mnara wao uliangushwa na dhoruba. Lakini redio ya wawindaji inashika, jioni hasa."

"Jaribu sasa."

Elisapi alijaribu. Mashine ilikoroma na kupiga miluzi. Mara ikatoka sauti ya mwanamke, mbali sana, na nyuma yake kelele za watoto. Elisapi alisalimia, akauliza habari za dhoruba, akapewa habari za mapaa yaliyoezuliwa, kisha akauliza kama kuna mtu aliyetoka Kuugarjuk kabla ya upepo kuanza.

"Ni mume wangu tu," ilisema sauti. "Juupi. Si mnaye huko? Alikuja kumtazama binti yetu aliyejifungua. Mwambieni asinenepe kwa vyakula vya mkwe wake, huku kuna sili wa kuwinda wanamngoja."

Elisapi aliondoa kidole kwenye kitufe. Alimtazama Davidee.

"Binti yake anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani," alisema Davidee. "Nilikunywa chai pale jana. Alikuwa akilalamika kwamba baba yake hajaja kumwona mtoto. Kila upande unadhani yuko upande wa pili."

Sauti ya redioni iliuliza kama bado wapo. Elisapi alibonyeza kitufe, akasema kwa upole mkubwa, "Tupo, dada. Kaa karibu na redio. Nitakuita tena."

Doyle alikuwa ameshachukua koti lake.

*

Waliruka jua likiwa juu ya milima, chini chini kwa uvivu, kama linavyokaa mwezi wa Aprili. Liitia alikaa kiti cha mbele na ramani magotini. Davidee alikuwa nyuma, amebanwa na kamba, mti mrefu wa kupimia barafu, na blanketi zote ambazo wanawake wa msibani walikuwa wamezirundika mikononi mwake bila kuuliza maswali.

"Nitazame wapi?" aliuliza Doyle.

"Anza kwenye ndege yake, ufuate ukingo wa barafu kwenda kaskazini. Dhoruba ilivuma ikitoka baharini. Kipande chochote kilichokuwa kimekatika kimesukumwa kurudi pwani. Kama yuko hai, yuko karibu kuliko alivyokuwa siku ile."

Waliipita ndege ya Simiuni. Doyle hakuitazama. Baada ya muda kidogo Liitia aligonga kioo.

"Pale! Mistari ile!"

Juu ya barafu tambarare palikuwa na mistari miwili iliyoinuka kama mishipa mkononi mwa mzee. Upepo ulikuwa umeila theluji laini pande zote, ukabakiza ile tu iliyoshindiliwa na skii. Mistari ilianza, ikanyooka, ikageuka, ikaanza tena. Mtu alitua hapo, na hapo hapo akaruka. Kando yake, kitu bapa chekundu kilitokeza kona moja kwenye theluji.

"Mlango wangu," alisema Doyle. "Ameulaza chini na kuukandamiza kwa vipande vya barafu, usipeperushwe."

Alitua palepale, juu ya alama za Simiuni. Mbele yao, mahali palipokuwa na maji siku ile, barafu mbili zilikuwa zimegongana na kuacha ukuta wa mabonge makubwa, mengine urefu wa mtu. Doyle alibaki na injini ikiunguruma ili isigande. Davidee alitangulia akidunga barafu kwa mti wake kila hatua, Liitia akikanyaga alipokanyaga yeye.

"Bibi, ukizama mimi sijui kuogelea."

"Hata mimi sijui. Endelea."

Walipofika juu ya ukuta waliona hema. Lilikuwa limezikwa hadi shingoni, ila kipande cha rangi ya chungwa kilibaki wazi, na kuzunguka kipande hicho theluji ilikuwa imefagiliwa kwa mkono ili kionekane kutoka juu. Davidee aliita. Hakuna aliyejibu. Aliita tena, akaanza kukimbia, na mti wa kupimia akauacha.

Ndani alikaa mzee mwenye uso mweusi kwa baridi, mguu mmoja umenyooshwa na kufungwa kwa vipande vya fremu ya sleji. Jiko dogo lilikuwa likiwaka moto mdogo mno, kiasi cha kuyeyusha barafu tu. Aliwatazama kama mtu anayepokea wageni waliochelewa.

"Tulikuwa tukikutafuta, Mzee Juupi," alisema Davidee, akihema.

"Pikipiki ilizama. Sleji niliiokoa kipande, na mguu nikauvunja nikiruka. Ningekufa usiku ule ule kama si huu mfuko." Aligeuza macho kwa Liitia. "Binti yangu mzima? Mtoto?"

"Wazima wote. Wanakungoja."

Juupi alifumba macho. Alipoyafumbua, alinyoosha mkono nyuma yake, akavuta kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya hema, akakiweka magotini. Kitambaa kilikuwa na mwanya, na ndani vilionekana vitu vilivyopangwa vizuri: bisikuti, majani ya chai, kopo la maziwa, chupa ya mafuta ya jiko iliyojaa nusu.

"Na yule mwenye ndege, mmempata?" aliuliza. "Sikumsikia akienda zake. Alipita nyuma ya barafu zile, mara kimya, na kisha dhoruba ikaja. Nikajisemea, huenda ametua upande ule, naye amekwama kama mimi. Na yeye hana kitu. Vyote amenipa mimi." Alikigonga kifurushi kwa kidole. "Kwa hiyo nilikuwa nakula nusu. Hii ni nusu yake."

Liitia alipiga magoti mpaka macho yao yakawa sawa.

"Hakutua, mzee. Alianguka baada tu ya kukutupia. Alikufa palepale. Aliitwa Simiuni Aulaq."

Juupi alikivuta kifurushi karibu. Alianza kufungua fundo la kamba, lakini vidole vyake havikukubali, na Davidee akainama kumfungulia. Mzee alitoa bisikuti moja, akailamba theluji iliyoigandia, akaila polepole huku machozi yakishuka na kukomea kwenye ndevu. Alipoimaliza, alitoa nyingine akampa Davidee. Akatoa nyingine akampa Liitia. Wakala wote watatu, jiko likinong'ona katikati yao.

Nje, muungurumo wa injini ulikatika. Doyle alikuwa amechoka kusubiri. Walimsikia akipanda ukuta wa barafu, akiteleza, akitukana kwa maneno yake mawili ya kienyeji. Kichwa chake kilipotokea mlangoni mwa hema, alimwona mzee, akaona kifurushi kilichofunguliwa, na hakuna aliyehitaji kumtafsiria. Juupi alimnyooshea mkono wenye bisikuti, naye akavua glavu, akapokea yake.